Mbingu Juu ya Dhahabu

Firenze, siku ya Mtakatifu Fransisko, 4 Oktoba 1471

Kwako dada yangu mkubwa Mita,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila mguu niliouvunja mwaka juzi nilipoanguka kutoka kwenye jukwaa la kuchorea bado unanitangazia mvua siku mbili kabla. Mke wangu Lapa anakusalimu. Ana mimba ya miezi miwili, na safari hii tunaomba ikae. Hataki kula kitu isipokuwa vitunguu vibichi, nami nalala nimempa mgongo. Nisalimie shemeji Cione na kinu chake. Nisalimie na binti yenu Agnola, ingawa najua hanikumbuki. Nilimwacha akitambaa.

Baba hajambo? Macho yake je? Nilipoondoka alikuwa ameanza kuchora pua ikikaribia kugusa ubao.

Juzi nilikuwa navunja mayai ya kuchanganyia rangi. Hapa wengi wameshahamia mafuta ya kitani, lakini kwa kazi ndogo bado tunatumia mayai. Nikakumbuka Baba alivyokuwa akinituma. Mayai ya kuku wa mjini, ambayo kiini chake kimepauka, ni ya nyuso za vijana. Mayai ya kuku wa shamba, yenye kiini chekundu, ni ya nyuso za wazee. Nami nilikuwa nikiyachanganya makusudi, na siku moja malaika akatoka na mashavu kama ya mlevi wa sokoni. Unakumbuka alivyonifukuza kuzunguka kisima? Nilicheka peke yangu hadi wenzangu karakanani wakaniuliza kama nimerogwa.

Dada, nina swali dogo. Ile picha ya Baba iliyo juu ya altare katika kanisa la Mtakatifu Blasio, zile mbao tano, upana wake wote ni mikono mingapi? Kati ya ubao na ubao kuna nafasi kiasi gani? Na wadudu wameingia? Usiniulize kwa nini. Mtu akikaa mbali sana hutamani kujua hata vipimo vya vitu vya kwao. Tena unajua kwamba uso wa Mama ninaujua kwenye ubao ule wa katikati tu, kwa Bikira. Sina uso mwingine wake.

Ni mimi mdogo wako,
Naddo


Monterongo, siku ya Mtakatifu Katarina, 25 Novemba 1471

Kwako mdogo wangu Naddo,

Marahaba. Barua yako ilifika imelowa, maana mwenye nyumbu alikaa wiki tatu akingojea mto upungue. Sisi tu wazima. Zeituni tumevuna, si nyingi lakini zina mafuta. Cione amepasua jiwe la kinu na analaumu kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe. Agnola amekuwa mrefu kunipita begani na ana mdomo mrefu kuliko yeye. Mwambie wifi yangu Lapa asinyanyue ndoo, na wewe uache kumpa mgongo. Vitunguu havijamuua mtu.

Baba anakusalimu. Kila asubuhi anakwenda kanisani, anakaa mbele ya picha yake, kisha anarudi kula maharage yake. Hajaacha.

Mtu ambaye hajakanyaga kwao miaka tisa leo anataka vipimo! Haya, nimepima kwa kamba ya kufungia magunia, na Padre Ventura ananitazama kama mwizi. Upana ni mikono mitano kasoro kidogo. Nafasi kati ya mbao ni ya vidole viwili, ambako kuna zile nguzo nyembamba za kuchonga. Wadudu wameingia kwenye ubao wa Mtakatifu Antonio tu, huko chini miguuni.

Sasa nikupe habari ambayo pengine itakuchoma kama inavyonichoma mimi. Unamkumbuka Baldino, mwana wa mkata manyoya? Siku hizi ni Bwana Baldino. Amerudi na utajiri wa sufu, amejenga nyumba yenye madirisha ya kioo, na sasa ndiye mkuu wa chama cha kanisa. Anasema picha yetu ni ya kizamani, na kwamba wageni wake wanaona aibu. Anasema watakatifu wamesimama kila mmoja chumbani mwake kama wagomvi. Eti anatafuta mchoraji wa huko Firenze akate zile ncha za juu, aziunganishe mbao tano ziwe ubao mmoja wa mraba, halafu apake mbingu na milima juu ya dhahabu yote.

Juu ya dhahabu, Naddo. Bibi Nuta muuza jibini alimwuliza, "Basi Bikira atakaa wapi, malishoni na mbuzi?"

Wewe uko huko, unawajua hao watu. Ulizia ni nani amekubali kazi hiyo, kisha umwambie kwamba aliyeichora bado yu hai.

Dada yako,
Mita


Firenze, 20 Januari 1472

Kwa dada yangu Mita,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Karakana ilikuwa na kazi za Noeli, kisha Lapa akapata homa, lakini ameamka, na mtoto anacheza tumboni. Hapa baridi imegandisha hata maji ya brashi.

Habari za Bwana Baldino nimezisikia.

Dada, nataka nikueleze jambo ambalo sikuwahi kukueleza vizuri. Uliniuliza siku ile ninaondoka, "Mmegombana nini na Baba?" nikakujibu kwamba ni mambo ya kazi. Ilikuwa hivi. Nilikuwa nimetoka Siena na mchoro wangu, Bikira amekaa na Mtoto karibu na dirisha. Mwanga ulitoka kushoto, kwa hiyo chini ya kidevu chake niliweka kivuli. Baba akausogeza mchoro karibu na macho, nikadhani ameupenda.

"Hii nini hapa shingoni? Uchafu?"

"Ni kivuli, Baba."

"Nani kamzibia mwanga?"

"Kidevu chake mwenyewe. Kila mtu ana kivuli pale. Hata wewe."

"Mimi ni Goro, naoza kidogo kidogo. Huyu ni Malkia wa mbinguni. Mbinguni hakuna dirisha la kushoto. Mwanga uko pande zote, ndiyo maana tunaweka dhahabu."

Mimi nikasema neno ambalo hadi leo nikilikumbuka masikio yanapata moto. Nilisema, "Baba, unaweka dhahabu kwa sababu huwezi kuchora mlima." Hakunipiga. Alifuta brashi yake taratibu, akaigeuza picha yangu ukutani, akatoka nje. Kesho yake niliondoka.

Lakini Dada, ungeona wanavyochora huku! Unasimama mbele ya ubao, na ubao haupo. Kuna njia inakwenda mbali, kuna mtu mdogo amebeba kuni, kuna mto, na nyuma ya mto milima inageuka kuwa bluu kama ile ya kwetu asubuhi ya vuli. Watakatifu wako mahali pamoja, wanatazamana kama jamaa waliokutana barazani. Mara ya kwanza kuona picha kama hiyo nililia, maana ilikuwa kama kutazama nje kupitia dirisha la nyumbani. Naomba uamini kwamba mtu anaweza kuipenda dhahabu ya Baba na kuipenda milima hii kwa moyo mmoja.

Mwulize Baba kama ananikumbuka kwa wema.

Naddo


Monterongo, 2 Machi 1472

Naddo,

Safari hii salamu zitangoja.

Jumapili iliyopita baada ya misa Bwana Baldino alisimama akakunjua karatasi ya mapatano ili chama kisikie. Akasoma kila kitu: ncha zikatwe, mbao ziunganishwe, mbingu ipakwe kwa rangi nzuri, na uso wa Bikira ulainishwe "kwa namna ya siku hizi". Kisha akasoma jina la fundi. Naddo mwana wa Goro, wa Monterongo, mkaaji wa Firenze.

Kanisa zima likanigeukia. Bibi Nuta akasema kwa sauti, "Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako!" Baldino akacheka. "Mbona mnashangaa? Mtoto anarekebisha kazi ya baba yake. Kuna heshima gani kupita hiyo?"

Nikamwambia, "Bwana Baldino, baba yako alikuwa akinyoa kondoo. Wewe ukitaka kumheshimu, nenda kamnyoe yeye." Watu wakacheka.

Lisemwalo lipo. Ndiyo sababu ulitaka vipimo! Ulinifanya nipime kwa mikono yangu mwenyewe jeneza la picha yetu, nawe ukiniandikia habari za mayai.

Basi na mimi nikwambie nilichokuficha. Baba haoni. Tangu siku ya Mtakatifu Lusia mwaka juzi hatofautishi dirisha na ukuta. Sikukuandikia kwa sababu alinikataza. Alisema, "Asije akarudi kwa huruma." Nilikwambia kila asubuhi anakaa mbele ya picha. Hiyo ni kweli. Lakini hakai akaitazama. Padre Ventura humpandisha ngazi za altare, naye huweka kiganja juu ya dhahabu, mahali pale palipo laini na baridi, akakaa hivyo kwa muda wa Salamu Maria tatu.

Jumapili ile alikuwa kando yangu. Alisikia kila neno. Tulipofika kisimani akauliza, "Naddo mwana wa Goro. Huenda huko Firenze wako wawili?"

Nikasema, "Huenda, Baba."

Akasema, "Huenda."

Kesho wanaziteremsha mbao. Zitapakiwa kwenye gari la ng'ombe, zikifungwa kwa magodoro. Utazipokea wewe.

Mita


Firenze, 9 Aprili 1472

Dada,

Nimesoma barua yako mara nyingi hata mikunjo yake imeanza kupasuka. Mficha maradhi kifo humuumbua. Sina la kujitetea. Baldino alipokuja karakanani hakujua mimi ni nani. Alimwambia bwana wangu kwamba anatafuta mtu wa kufuta takataka ya kijijini. Nikasikia jina la Mtakatifu Blasio. Nikajua nikikataa atampa mwingine, na huyo mwingine atakwangua mpaka kwenye mbao. Nikasema nitaifanya mimi. Hiyo ndiyo sababu nzuri. Ipo nyingine pia, nayo ni kwamba nilitaka. Tangu nikiwa na miaka ishirini na moja nimetamani kuweka mlima nyuma ya watakatifu wale. Haya, nimesema.

Kuhusu macho ya Baba siwezi kuandika lolote.

Mbao zilifika salama. Nimezisimamisha ukutani zote tano, na wenzangu waliokuwa wakifanya utani wakasogea karibu. Mmoja, mtu wa Prato asiyesifu kitu, alisema, "Aliyeweka dhahabu hii alikuwa na mkono wa malaika. Hakuna mshono." Nikajivuna, nikasema ni baba yangu.

Kisha nilipoondoa zile nguzo nyembamba za kuchonga, nikakuta chini yake, pembezoni, pale dhahabu inapoishia na udongo mwekundu wa kubandikia dhahabu unaonekana, alama ya kidole gumba. Imekauka pamoja na udongo. Nikaweka gumba langu juu yake, likaifunika yote. Gumba la Baba ni pana kuliko langu. Dada, alama hii ni ya mtu mdogo. Iko kwenye kila ubao.

Niambie ni ya nani. Nadhani najua, lakini niambie wewe.

Tena niambie nifanye nini. Mapatano yanataka nibadilishe uso wa Bikira. Kila siku natayarisha rangi, nakaa mbele ya Mama, kisha naiacha rangi ikauke. Ukisema nirudishe mbao kama zilivyo, nitazirudisha, hata kama nitafukuzwa hapa.

Naddo


Monterongo, 3 Mei 1472

Kwako mdogo wangu,

Marahaba kwa shikamoo ambayo safari hii uliisahau. Tumepanda maharage. Agnola amepata surua akapona. Lapa anakaribia, na mimi nimemfumia mtoto kofia ya sufu. Ikimbana umpe mtoto wa pili.

Gumba ni langu.

Mama alikufa mwezi Februari, na wakati wa Pasaka kanisa lilikuwa likiidai picha. Wewe ulikuwa na miaka minne, mimi kumi na tano. Baba alikuwa ameshachora nyuso na nguo, ikabaki dhahabu. Lakini mikono ilikuwa ikimtetemeka. Akiinua karatasi ya dhahabu kwa manyoya, inajikunja na kuanguka kama nzi aliyekufa. Alipoharibu ya saba alikaa chini akajifunika uso. Nikachukua ile brashi ya manyoya mkononi mwake. Yeye akawa ananielekeza kwa maneno: lowesha, ngoja, teremsha, sasa. Nikaweka yote. Nikaisugua kwa jino la mbwa mpaka nikajiona ndani yake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kujitazama usoni.

Picha ilipopandishwa watu walimbeba Baba mabegani. Sikusema, naye hakusema. Mtu angempa nani kazi akijua imefanywa na msichana? Baadaye ikawa imechelewa kusemwa, nami nikaolewa na kinu. Lakini nikienda misa, Naddo, nilikuwa naenda kuiona kazi yangu. Miaka ishirini na sita.

Na lingine ni hili, nalo ni gumu zaidi. Ule si uso wa Mama.

Baba alimchora Bikira yule kwa mfano aliokuwa nao, kama alivyowachora Bikira wote. Mama alikuwa na pua fupi na mwanya wa meno, na kope zake zilikuwa nyepesi kama za ndama. Alicheka mpaka akashika mbavu. Wewe ulikuwa hulali baada ya kufiwa. Siku moja nilikubeba kanisani, nikakuonyesha, nikasema, "Mama yule pale." Ukanyamaza. Ulipokuwa mkubwa sikujua jinsi ya kukunyang'anya.

Sasa umeuliza ufanye nini. Nimeliwaza swali hilo siku nyingi, na jibu langu ni hili: paka mbingu yako. Ukizirudisha mbao, Baldino atampa mtu asiyetujua. Kama ni lazima dhahabu yangu ifunikwe, ifunikwe na mkono uliokuwa nikiunawisha. Ila usinionee huruma. Usiache kiraka cha dhahabu huku na huku kwa ajili yangu. Picha nusu-nusu itatuaibisha wote wawili. Fanya kama ulivyofundishwa, kwa nguvu zako zote.

Nilimwuliza Baba kama ana neno. Alikuwa akimenya kitunguu saumu. Akasema, "Mwambie asinunue bluu hafifu. Baada ya miaka inageuka kijani."

Dada yako,
Mita


Firenze, 30 Juni 1472

Shikamoo Dada,

Tumepata mtoto wa kike, siku ya kumi na tisa ya Mei. Lapa aliteseka lakini yuko salama. Tumemwita Vezzosa, jina la Mama. Kofia inamtosha. Nimemchunguza pua, ni fupi. Sikujua imetoka wapi mpaka uliponiambia.

Kazi imekwisha. Nimenunua bluu bora kuliko zote, na bwana wangu ananiona mwendawazimu. Sikubakiza dhahabu, isipokuwa duara nyembamba kichwani mwa kila mtakatifu, maana hivyo ndivyo mapatano yanavyosema. Siku niliyopitisha brashi ya kwanza juu yake mkono wangu nao ulitetemeka, nikaketi, nikangoja, nikaanza tena.

Uso wa Bikira sikuugusa. Najua ulichoniambia, na ninakushukuru kwa kuniambia. Lakini yeye ndiye aliyenitazama nikikua. Mtu akikulea miaka yote hiyo huwezi kumbadilisha pua kwa sababu umegundua hakukuzaa.

Gari litaondoka wiki ijayo ili picha iwahi sikukuu ya Kupalizwa. Mimi sitakuja nayo. Lapa bado ni dhaifu. Hiyo ni kweli, lakini si yote.

Naddo


Monterongo, 18 Agosti 1472

Kwako mdogo wangu Naddo,

Mbusu Vezzosa kwenye hiyo pua. Nilipomwambia Baba jina hilo alitoka akaenda kukaa zizini na punda, na alipoingia ndani alisema punda anahitaji majani.

Picha iliwekwa Jumamosi, siku ya Bikira Kupalizwa mbinguni, watu wamejaa mpaka mlangoni. Kwa kuwa sasa ni ubao mmoja mpana, iliwalazimu kuingia nao kwa ubavu, wanaume sita na kamba mbili. Walipoupandisha ulizunguka kwenye kamba, ukatuonyesha mgongo. Nasi tukaona maandishi meusi, makubwa.

Padre Ventura akakaza macho. Baldino akasema, "Geuzeni, geuzeni!" Lakini Padre alikuwa ameshaanza kusoma, na unajua akianza kusoma hasikii. Akasoma: "Watakatifu hawa aliwachora Goro. Dhahabu aliiweka Mita, binti yake, akiwa na miaka kumi na tano. Mbingu aliipaka Naddo, mwanawe, mwaka 1472."

Naddo, ungenionya! Nilikuwa nimevaa shuka la kazini, mkononi nina kapu la mikate.

Baldino akawa mwekundu. "Jina la mwanamke linafanya nini kwenye picha yangu? Na huo ni uongo, kila mtu anajua dhahabu ni ya Goro!" Padre akamjibu, "Bwana, wewe ulilipia upande wa mbele." Watu wakaanza kunong'ona. Bibi Nuta akaniuliza, "Wee Mita, ni kweli?"

Ndipo Baba akasimama. Alikuwa ameshika nguzo. Hakupaza sauti.

"Ni kweli," akasema. "Mwaka ule nilifiwa, na mikono ilinikataa. Mtoto huyu aliweka yote, ubao baada ya ubao. Nyinyi mkanibeba mabegani, nami nikakaa huko juu, maana sifa ni tamu. Nimekaa miaka ishirini na sita. Leo nateremka."

Akaketi. Bibi Nuta akanishika mkono, akautazama huku na huku kama anayenunua kuku, kisha akaubusu. Sikulia pale. Nililia nilipofika kinuni, na Cione akadhani nimeumia.

Sasa nikwambie juu ya picha, na sitakudanganya. Watoto waligombania kumwonyesha mbwa uliyemchora kando ya mto. Mizeituni ni yetu, kilima ni chetu, hata ule ukuta ulioanguka wa shamba la wajomba umeuweka. Mchana, jua likiingia, mtu anataka kuinua mguu apite. Baldino analalamika juu ya uso lakini hakuna anayemsikiliza. Ila jioni, kwenye masifu, walipowasha mishumaa, mbingu yako ilizimika. Dhahabu ilikuwa ikiamka na mishumaa, ikipumua. Mchana picha yako inaishinda ya zamani, Naddo. Kwa mishumaa, yetu ilikuwa inaishinda yako. Nimefurahi kwamba nimezipata zote mbili katika maisha yangu, na nimehuzunika kwamba Agnola atakumbuka moja tu.

Baba alipandishwa ngazi kesho yake asubuhi. Akaweka kiganja mahali pake. Akakiondoa. "Si baridi tena," akasema. Nikamwuliza kama nimwelezee kilichopo. Nikaanza: hapa mti, hapa mto, hapa mlima mwingine. Akanikatiza.

"Mita, unaeleza kama mtu anayehesabu magunia. Mlima una rangi gani?"

"Bluu, Baba."

"Milima yote bluu?"

"Wa karibu kijani. Wa mbali bluu. Wa mbali zaidi karibu haupo."

Kisha akasema nikuandikie maneno haya, nami nayaandika kama alivyoyatoa: "Mwambie dada yake hajui kueleza. Aje mwenyewe aniambie alichochora, kimoja kimoja, na asiruke kitu. Aje kabla ya kuvuna zabibu. Na yule mwenye pua fupi aje naye, nimshike."

Mengine ni machache. Masista wa Mtakatifu Agata kule bondeni walikuwepo sikukuu ile, na juzi walinitumia ubao mdogo wa Mtakatifu Margarita. Wanataka dhahabu ya zamani, hawataki milima. Niliwaambia nimeshakuwa mzee, vidole vimezoea unga. Baba akawaambia waache ubao. Kwa hiyo tangu jana nimeketi mezani pake, naye nyuma yangu kwenye kigoda, na karatasi ya dhahabu ya kwanza niliiharibu, na ya pili pia, lakini ya tatu imekaa.

Nitakomea hapa. Baba ananiita. Anasema nifunge dirisha, upepo umeanza, na nikimaliza kukuandikia, tunaendelea.

Dada yako,
Mita